Kamasi Kooni: Ni Vumbi Tu, au Ni Ugonjwa?

Ikiwa unaishi Mwiki, kule Ruiru, unaijua sauti hii. Jua halijachomoza, wanaowahi matatu ya kwenda mjini ndio kwanza wanavaa viatu, na tayari kutoka ploti hii hadi ile watu wanasikika wakikwaruza koo. Ukimuuliza mmoja wao ana nini, atakujibu kwamba ni vumbi tu. Mwezi wa Julai atakwambia ni baridi tu.

Mara nyingi husema kweli. Lakini iko siku ambayo jibu hilo halitoshi, nayo ndiyo tunayotaka kuitambua leo.

Kwanza, kamasi si uchafu. Pua na koo za mtu mzima hutengeneza yapata lita moja kila siku, nawe huimeza bila kujua. Kazi yake ni kunasa vumbi na viini kabla havijafika mapafuni. Huihisi mpaka izidi au iwe nzito. Hapo huteremka kutoka nyuma ya pua hadi kooni, hasa ukilala chali, ikakuwasha na kukukohoza usiku kucha.

Yanayoizidisha ni mafua, aleji, vumbi, na moshi wa jiko au wa takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba. Wengine hula chakula kizito na kulala papo hapo, kisha asidi ya tumbo ikapanda na kulichoma koo.

Mafua ya kawaida hupungua kabla ya siku 10 kwisha. Kunywa maji ya kutosha, inua mto na uepuke moshi. Unaweza pia kusafisha pua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Usitumie maji mabichi ya mfereji wala ya kisima. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku chache, maana pua huyazoea ikaziba zaidi. Wala usikimbilie duka la dawa kununua antibiotiki kwa sababu tu kamasi imekuwa ya kijani. Mafua huletwa na virusi, na dawa hizo haziui virusi.

Sasa, ni lini umwone daktari? Nenda ikiwa:

- Siku 10 zimepita bila nafuu, au ulipata nafuu kisha homa na maumivu ya uso yakarudi kwa nguvu.

- Kamasi inatoka tundu moja tu la pua, inanuka au ina damu. Kwa mtoto mdogo, huenda ni harage au ushanga aliojitia puani. Usijaribu kuuchokoa, utausukuma ndani zaidi.

- Kifua kinalia kama filimbi au pumzi inakuwa fupi. Huenda hiyo ni pumu.

Tena usingoje hata kesho ikiwa mtu anashindwa kupumua, jicho limevimba, kichwa kinauma sana na shingo imekakamaa, au maji maangavu yanatiririka puani baada ya kuumia kichwani.

Jambo la mwisho ndilo linalofichwa sana na maneno "ni vumbi tu". Kikohozi kikidumu wiki mbili, pimwa kifua kikuu. Usisubiri mpaka ukonde, utokwe jasho usiku au uteme damu. Katika chumba kimoja wanamolala baba, mama na watoto watatu, anayejikaza kiume huenda anawaambukiza wanawe kila anapokohoa.

Najua wengi huogopa. Wapo wanaohofia gharama, na wapo wanaohofia majirani watasema nini. Lakini dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali, zikiwemo za Ruiru na Thika. Kwa kawaida matibabu huchukua miezi sita, na anayezimeza dawa zake zote bila kuruka hupona.

Kwa hivyo nakupa kazi ndogo wiki hii. Daktari atakapokuuliza, "Tangu lini?", usimjibu, "Tangu juzijuzi." Chukua kalenda iliyo ukutani na utie alama siku ambayo koo la mwanao, au lako mwenyewe, lilianza kukwaruza. Alama ikifika siku ya 10 na hujaona nafuu, vumbi limemaliza udhuru wake. Dalili ya mvua ni mawingu, nawe usingoje mpaka ulowe.

Tukutane tena Jumapili ijayo, tukijaliwa.