Kabla Ukate Sailensa, Uliza Moshi Utaenda Wapi

Wasee, nianze kwa kukiri kosa. Ile video yangu ya Datsun ikinguruma nje ya geti, ile mliisambaza kila mahali, ndiyo imetazamwa kuliko zote nilizowahi kuweka. Jana nimeifuta. Wacha niwaambie kwa nini.

Gari yenyewe ni ya anko wangu. Datsun 240Z ya 1972, viti viwili tu, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Kama hujui historia yake, Edgar Herrmann alishinda Safari Rally ya 1971 akiwa ndani ya 240Z, na Shekhar Mehta akashinda ya 1973 na gari aina hiyo hiyo. Anko alikuwa mtoto wa kusimama kando ya barabara akila vumbi zikipita. Alipoipata yake ukubwani, aliitunza kama ng'ombe wa maziwa. Mwaka huu akanipa funguo na sharti moja: "Iendeshe, lakini usiigeuze matatu."

Nami nikaigeuza matatu. Kwa elfu nne, welda mmoja alikata sailensa, akaunga bomba tupu la inchi mbili na nusu, na akalimalizia chini ya gari bila kulifikisha nje ya bampa. Sauti ikatoka tamu, si uongo. Silinda sita za mstari hazikohoi kama Subaru. Zinaimba, na ukikanyaga mafuta wimbo unapanda. Nikarekodi, mkapenda, nikavimba kichwa.

Wiki mbili baadaye nikambeba mjukuu wa anko, msichana wa miaka tisa, nimpeleke kwa babu yake Naivasha. Tukipita Kimende akasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia afungue dirisha. Tulipofika Kinungi alikuwa amelala, na sikupenda vile amelala. Nilimwita mara tatu ndipo akaitika, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliye mbali. Kichwa changu pia kilikuwa kinagonga. Nikasimamisha gari, nikamtoa nje, akatapika kwa nyasi, akaanza kurudi polepole. Tukamfikisha kliniki na Mungu akasaidia, alipona.

Anko hakunigombeza. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, akapitisha kidole kwenye mpira wake. Kidole kikatoka cheusi. Akaniambia, "Haya ni masizi. Ulikuwa unamvutisha mtoto ekzosi."

Iko hivi. 240Z ina mgongo ulioteremka, na gari ikikimbia, hewa ya nyuma huzunguka na kurudi pale pale mlangoni. Bomba likiwa fupi, moshi unanaswa hapo chini. Mpira wa miaka hamsini hauzibi kitu. Halafu ukifungua dirisha, hewa ya ndani inavutwa nje, na nafasi yake inajazwa na moshi unaopenya kutoka nyuma. Yaani lile dirisha nililofungua nikidhani namsaidia mtoto ndilo lililozidisha sumu. Sumu yenyewe ni kaboni monoksaidi, ile ile ya jiko la makaa kwenye nyumba iliyofungwa. Haina rangi wala harufu.

Sasa, sisemi usibadilishe ekzosi. Injini hii inastahili nzuri. Ninachosema ni kwamba ekzosi si spika. Kazi yake ya kwanza ni kutoa moshi, na kuupeleka mbali na pua za watu.

Ukitaka kuifanya vizuri, anza na mpangilio. Silinda za hii injini hupiga kwa zamu ya 1-5-3-6-2-4. Angalia vizuri: ya mbele, ya nyuma, ya mbele, ya nyuma. Ndiyo maana manifoldi nzuri ya mabomba hukusanya silinda tatu za mbele pamoja na tatu za nyuma pamoja, kisha zinaungana chini. Moshi wa kila silinda unapata nafasi ya kupita bila kugongana na wa jirani, na ukipita unasaidia kuvuta ule unaofuata. Bomba kubwa kupita kiasi linaharibu hiyo mbio, moshi unakuwa mvivu. Kwa hiyo swali la "inchi ngapi?" si swali la kwanza.

La pili, kwenye injini hii kabureta na ekzosi ziko upande mmoja, na zinabanwa na gasketi moja. Kama chuma cha manifoldi mpya hakilingani unene na cha zamani, nati zitakaza upande mmoja na kuacha mwingine ukivuja. Fundi asipopima hapo, mkimbie. Na kwa kuwa kabureta zimekaa juu ya joto, weka kinga ya joto kati yao. Bila hiyo, petroli inachemka ndani ya kabureta ukiwa kwa jam ya Thika Road, na hapo gari inazima na kila mtu anakupigia honi.

La tatu, ekzosi ikipumua vizuri zaidi, kabureta zipimwe upya, maana injini inaweza kukosa petroli ya kutosha. Halafu sailensa irudi, mpira wa mlango ubadilishwe, na bomba litokeze nje ya bampa.

Najua kuna mtu ataniambia sauti ndiyo roho ya gari. Nakubali nusu. Lakini tuwe wakweli kuhusu sisi wenye kutengeneza video. Tunauza ngurumo kwa sababu simu inarekodi sauti. Hairekodi moshi. Hairekodi mtoto akitapika kando ya barabara. Ni vijana wangapi wamekata sailensa kwa sababu yangu? Sijui, na hiyo ndiyo inaninyima usingizi.

Kwa hivyo nawaomba kitu kidogo. Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, iwashe gari nje palipo wazi. Mwenzako avae glavu, azibe mwisho wa bomba kwa kitambaa kinene, sekunde chache tu. Wewe sikiliza kutoka mbele hadi nyuma. Ukisikia tss-tss popote, hiyo pesa ya kununua ngurumo ipeleke hapo kwanza.

Yule mtoto yuko sawa sasa. Lakini kila akiniona na funguo huniuliza, "Anko, tunaenda na ile ya kulewesha?" Datsun imeshatengenezwa, na siku hizi inanguruma kwa adabu. Bado hajakubali kuipanda, na simlazimishi.