Kabla ya kisu cha urembo, tuikumbuke haki ya mtoto



Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), aliyemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora na kumwandalia riziki katika kifua cha mama yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu wasomaji, majuma machache yaliyopita tulialikwa katika darsa la akina mama huko Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Darsa lilipomalizika, mama mmoja wa makamo alisubiri wenzake watoke, kisha akatueleza lililomkaa moyoni. Binti yake, anayefanya kazi Dar es Salaam na ambaye ameshaposwa, anaweka akiba ili afanyiwe upasuaji wa kuongeza matiti kabla ya harusi. Mama yule hakuanza kwa kuuliza kama jambo hilo ni halali au haramu. Aliuliza: "Ustadhi, huyo mjukuu wangu atanyonya nini?"

Swali hilo lilitoka mahali pake. Barabara inayotoka Bigwa kwenda Kisaki hupita Matombo, jina ambalo kwa Kiluguru maana yake ni matiti. Tena Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hivyo kwao mtoto wa binti ndiye mwendelezo wa nyumba. Bibi akiulizia maziwa ya mjukuu asiyezaliwa, anaulizia ukoo wake.

Wala jambo lenyewe si la nchi za mbali tena. Zamani wenye uwezo walisafiri nje kutafuta upasuaji wa namna hiyo. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, ilianza kutoa huduma za upasuaji wa urembo na wa kurekebisha maumbile. Mloganzila ipo upande wa Dar es Salaam unaoelekea Morogoro. Kuwepo kwa wataalamu nchini ni neema, hasa kwa walioungua moto na waliokatwa titi kwa saratani. Lakini neema hiyo inatudai elimu, ili familia zetu zijue zinachokiendea.

Kisu kinagusa nini?

Watu wengi hudhani titi kubwa ndilo lenye maziwa mengi. Sivyo. Sehemu kubwa ya ukubwa huo ni mafuta, ilhali maziwa hutengenezwa na tezi na kupita katika mirija midogo hadi kwenye chuchu. Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, nao huachia homoni mbili: prolaktini inayofanya maziwa yatengenezwe, na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Basi kuna vitu vitatu ambavyo mama anayetaraji kunyonyesha anavihitaji vikiwa salama: tezi, mirija na mishipa ya fahamu.

Katika kuongeza matiti, daktari huingiza mfuko wa silikoni, au wa maji ya chumvi, chini ya tezi au chini ya msuli wa kifua. Mkato ukipita kwenye mkunjo wa chini ya titi au kwapani, mirija kwa kawaida husalimika. Ukipita kando ya duara jeusi la chuchu, hatari ya kukata mirija na mishipa ya fahamu huongezeka. Akina mama wengi wenye mifuko hiyo hunyonyesha, lakini wapo ambao maziwa yao hayatoshi, wakalazimika kumwongezea mtoto maziwa mengine. Wapo pia ambao matiti yao yalikuwa madogo kwa kuwa tezi zenyewe ni chache. Hao mfuko huwaongezea ukubwa, hauwaongezei maziwa.

Kupunguza matiti ni kuzito zaidi kwa upande wa unyonyeshaji, maana nyama inayoondolewa ina tezi ndani yake. Chuchu ikiachwa imeshikamana na nyama iliyo chini yake, matumaini ya kunyonyesha hubaki. Ikikatwa kabisa na kupandikizwa upya, kama inavyolazimu kwa baadhi ya wagonjwa, matumaini huwa madogo sana.

Isitoshe, mfuko hauwekwi mara moja ukasahauliwa. Mwaka 2010 Ufaransa iliondoa sokoni mifuko ya kampuni ya Poly Implant Prothèse, baada ya kubainika kuwa ilijazwa silikoni isiyokusudiwa kwa tiba. Mwaka 2013 mwanzilishi wa kampuni hiyo alihukumiwa kifungo. Mwaka 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza mifuko ya matiti iambatane na onyo kali, linaloeleza kwamba haidumu maisha yote na kwamba kadiri inavyokaa mwilini ndivyo uwezekano wa matatizo unavyoongezeka. Binti anayewekewa leo akiwa na miaka 24 anaweza kurudi kwenye meza ya upasuaji angali katika umri wa kuzaa.

Sheria yetu inasemaje?

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 119, tunaelezwa kuwa miongoni mwa ahadi za shetani ni kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Allah. Na katika hadithi ya Ibn Mas'ud (RA), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanawake wanaochonga meno ili wapate mwanya kwa ajili ya urembo tu. Kwa upande wa pili, sahaba Arfaja (RA), aliyekatwa pua vitani, aliruhusiwa na Mtume (SAW) kutumia pua ya dhahabu baada ya ile ya fedha kumletea madhara. Hapo tunaona mambo mawili tofauti: kubadilisha kilicho kizima, na kurekebisha kilichoharibika.

Njia hiyo ndiyo waliyoifuata wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu walipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007. Waliruhusu upasuaji wa kuondoa kasoro, maumivu au madhara, na wakaukataza ule wa kubadilisha umbo la kawaida kwa kufuata matamanio. Kwa hiyo mama aliyepoteza titi kwa saratani hana lawama akirekebishwa. Vivyo hivyo dada ambaye uzito wa matiti unamuumiza mgongo na shingo; huyo anatafuta tiba, na tusimwite mpenda anasa.

Bali katika suala letu kuna mwenye haki wa tatu. Suratul-Baqara, aya ya 233, imeweka miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Aya hiyohiyo inawataka wazazi wawili waridhiane na kushauriana hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Ikiwa kumwachisha kunataka shura, iweje kuhatarisha maziwa kabla hajazaliwa kuwe siri ya mtu mmoja?

Nasi wanaume tujihesabu. Mabinti wengi hawaanzi wenyewe kuuchukia mwili wao. Huanzia kwenye mzaha wa mume, kwenye kulinganishwa na picha za simu, na kwenye maneno ya kijiweni. Wengine huambiwa kwamba kunyonyesha ndiko kunakolegeza matiti, wakati wataalamu wamebaini kuwa mimba zenyewe, umri, uzito na uvutaji wa sigara ndivyo vinavyohusika zaidi. Mume anayemkejeli mkewe kwa mwili uliomzalia watoto anamsukuma kwenye kisu kwa ulimi wake.

Maswali ya kuuliza

Yeyote anayelifikiria jambo hili, iwe kwa tiba au vinginevyo, amweleze daktari waziwazi kwamba anatarajia kuzaa na kunyonyesha. Aulize mkato utapita wapi, mfuko utakaa chini ya tezi au chini ya msuli, tezi kiasi gani itaondolewa, na chuchu itabaki imeshikamana au itapandikizwa. Aulize pia nani atalipia uchunguzi wa miaka ijayo. Ikiwa hali yake inaruhusu kusubiri, ni busara kusubiri hadi amalize kuzaa, kwa kuwa mimba hubadilisha matiti na inaweza kuharibu hata kazi iliyofanywa vizuri. Na asikimbilie krimu na sindano zinazouzwa mitaani kwa ahadi ya kukuza maumbile, maana huko hakuna hata daktari wa kumuuliza.

Aliyekwisha kufanyiwa asikate tamaa. Amjulishe mkunga mapema, amweke mtoto titini tangu saa ya kwanza, na ampeleke kliniki akapimwe uzito bila kukosa. Maziwa yakipungua, Qur'ani imeruhusu mtoto kunyonyeshwa na mwanamke mwingine, kama Mtume wetu (SAW) alivyonyonyeshwa na Bibi Halima. Ila familia iandike jina la mnyonyeshaji huyo, kwani katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kunyonya mara tano ndani ya miaka miwili ya mwanzo hujenga undugu unaozuia ndoa.

Mama wa Bigwa tulimjibu kwamba binti yake, mwenye matiti mazima na nia ya urembo tu, hana ruhusa katika sheria yetu, na kwamba hofu yake juu ya mjukuu ina msingi katika elimu ya tiba. Tulimsihi asimgombeze, bali amwite nyumbani, wakae naye pamoja na mchumba wake, na mchumba huyo atamke mbele ya wazee kama aliwahi kumtaka abadilike. Huenda binti hajawahi kulisikia jibu hilo.

Tunamwomba Allah (SW) awape mabinti zetu utulivu wa nafsi, awape waume zetu ndimi njema, na awape watoto wetu riziki yao kamili. Amin.

Wallahu a'lam.