Kapuchino ni kahawa, lakini soma orodha hadi mwisho

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, mzee mmoja wa hapa Kibamba alinivuta pembeni. Kijana wake amepata kazi katika mkahawa mmoja mjini, anatengeneza kahawa kwa mashine. Mzee amesikia kwamba kahawa hizo za Kizungu huchanganywa na pombe, na amemwamuru aache kazi ifikapo mwisho wa mwezi. "Ustadhi, bora tulale njaa," aliniambia. Nyumba ile ina wanafunzi watatu, na nauli yao ya kila siku hutoka katika mshahara wa kaka yao.

Sikumjibu palepale. Kuhalalisha haramu ni kosa, na kuharamisha halali nako ni kosa.

Ndugu msomaji, muuza kahawa wa kijiweni huichemsha katika dele juu ya mkaa, akatia tangawizi akipenda. Espreso ni njia ya Waitalia. Kahawa iliyosagwa laini, gramu 7 hadi 9, hushindiliwa katika kichujio cha chuma, kisha mashine husukuma maji ya moto kwa nguvu kubwa. Baada ya nusu dakika hivi hupatikana mililita 30 za kahawa nzito yenye povu la hudhurungi. Majina mengine huanzia hapo. Ukiongeza maji ya moto, ni amerikano. Ukitia maziwa kidogo tu ya kuitia doa, ni makiato. Maziwa yaliyopashwa kwa mvuke pamoja na povu nene huifanya kapuchino; maziwa yakizidi na povu likipungua, ni late, neno ambalo kwa Kiitaliano ni maziwa tu. Yenye chokoleti huitwa moka.

Mzee alikuwa na shaka ya pili: jina kapuchino limetokana na watawa wa Kikristo. Ni kweli, kwa kufanana na rangi ya majoho yao. Lakini joho haliingii kikombeni.

Pombe imo kwingine. Kinywaji kinachoandikwa Irish Coffee ni kahawa, sukari, krimu na wiski. Kinachoitwa corretto ni espreso iliyotiwa kileo, aghalabu grappa. Ukiona Baileys au Kahlúa katika maelezo, hivyo navyo ni vileo. Hapo hapana mjadala.

Mzee wetu si wa kwanza kuitilia shaka kahawa. Katika Kiarabu cha kale, qahwa lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo. Masufi wa Yemen walipokwisha kuizoea kahawa kwa ajili ya kukesha katika dhikri, gavana wa Makka, Kha'ir Beg, aliwakusanya wanazuoni mwaka 1511 na kuipiga marufuku. Marufuku hayo hayakudumu. Amri iliyotoka Cairo kwa Sultani Qansuh al-Ghawri haikuiharamisha kahawa yenyewe. Katika karne hiyohiyo Abd al-Qadir al-Jaziri aliandika kitabu kizima kuhusu uhalali wake. Nasi tukaja kuiita nyumba ya chakula mkahawa, bila kukumbuka ugomvi huo.

Nilimwomba kijana alete orodha ya vinywaji. Aliipiga picha kwa simu, tukakaa barazani baina ya Magharibi na Isha, baba yake akiwapo, tukaisoma mstari kwa mstari. Vinywaji kumi na saba. Vyenye pombe viwili, na vyote viwili viko chini kabisa ya ukurasa.

Kwa hiyo shauri la mzee lilibaki kwa hivyo viwili. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas, laana ya pombe haimwishii mnywaji, bali humfikia pia anayeibeba na anayeinywesha. Mimi ni katibu wa kamati, si mufti, nikalipeleka suala kwa imamu. Amemwelekeza kijana amwombe msimamizi wake, kabla mwezi haujaisha, vinywaji hivyo viwili avitengeneze mtu mwingine. Mzee amekubali kusubiri jibu.