Vyuo vituambie wahitimu wao wako wapi



Nina dukuduku ambalo najua si langu peke yangu. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa mwongozo wa udahili. Humo mwanafunzi anaona jina la kozi, sifa za kujiunga, miaka ya masomo na idadi ya nafasi. Haoni popote waliohitimu kozi hiyo miaka mitatu iliyopita wanafanya kazi gani leo.

Binti yangu alisomea usimamizi wa rasilimali watu katika chuo kimoja binafsi. Maofisa wa chuo hicho waliwafuata yeye na wenzake shuleni wakiwa kidato cha sita, wakawahakikishia kwamba wahitimu wa fani hiyo wanatafutwa. Mkopo kutoka Bodi ya Mikopo haukutosha ada yote. Nyingine tuliitoa kwenye mpunga, na mwaka wa mwisho tukauza majaruba, eka moja na nusu. Sasa ana shahada na anafanya uwakala wa pesa za simu katika kibanda cha mtu. Kazi hiyo si aibu na anaifanya kwa bidii, lakini haikuhitaji shahada, wala haikustahili kutupotezea shamba.

Deni nalo linamsubiri. Mnufaika wa mkopo akishatimiza miezi 24 tangu amalize chuo, anatakiwa aanze kurejesha. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kabla ya mwaka 2016 ilikuwa asilimia 8. Naishukuru Serikali kwa kufuta mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikivimbisha madeni kila mwaka. Kurejesha sikupingi hata kidogo, maana fedha hizo ndizo zinazosomesha wadogo zao. Kinachoniuma ni kwamba mzazi ameumia, mtoto anadaiwa, Bodi inahangaika kukusanya, na chuo kilichotoa ahadi kimeshachukua chake na hakiulizwi na mtu.

Tunaambiwa tuwe na subira, ajira zitatangazwa. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Machi 2025 Mamlaka ya Mapato iliita kwenye usaili zaidi ya watu 100,000 kwa nafasi 1,596. Wengine wanawahimiza vijana wajiajiri. Kwa mtaji upi, wakati familia imeshaumalizia kwenye ada?

Sisemi watoto wasiende chuo kikuu. Nasema mzazi anayeuza ardhi ana haki ya kujua mapema kozi ipi inaajirika na ipi imejaza watu mitaani. Akijua, pengine atampeleka mtoto akachukue stashahada ya uuguzi, au chuo cha ufundi cha VETA akasomee umeme. Pengine atachagua shahada ileile, lakini kwa hiari yake na macho yakiwa wazi.

Taarifa zenyewe zipo. Bodi ya Mikopo ina jina la kila mnufaika, chuo alichosoma na kozi aliyosomea, na kwa aliyeajiriwa, kila mwezi inapokea makato yake kutoka kwa mwajiri. Kwa hiyo inaweza kuhesabu, chuo kwa chuo na kozi kwa kozi, ni wangapi wanalipa kutoka kwenye mshahara na ni wangapi hawajaanza. Hesabu hiyo haitamgusa kila mhitimu, kwa kuwa si wote waliokopa, lakini ingetufaa kuliko mabango ya vyuo. Haihitaji kutaja jina la mtu yeyote.

Naiomba TCU ikae na Bodi, takwimu hizo zichapwe pembeni ya kila kozi kuanzia mwongozo wa mwaka ujao, na chuo kitakachokataa kutoa taarifa za wahitimu wake kiandikwe hivyo humohumo. Kama kuna kizuizi cha kisheria, wahusika watujibu kupitia ukurasa huu ili tuwafuate wabunge wetu.

Mzazi,
Ubaruku, Mbarali