Anayevaa yuko Siyu, anayelipa yuko Mombasa: mwenye duka la nguo, andika bei wazi

Ukitaja "kuuza mtandaoni", wenye maduka madogo ya nguo wengi hufikiria mteja wa Nairobi wasiyemjua, ataona picha ya buibui kwenye Instagram, alipe, atumiwe. Mteja huyo yuko, lakini si wako wa kwanza. Kwa duka lililoko Mtangawanda, mteja wa kwanza wa mtandaoni ni kijana wa Siyu anayefanya kazi Mombasa. Ni baba wa Faza aliyeko Malindi. Ni dada wa Kizingitini aliyeolewa Lamu. Anakujua, na duka lako amelipita mara nyingi akishuka jeti kutafuta bodaboda ya kwenda kwao. Anachotaka ni kumnunulia mamake nguo ya Idi bila kupiga simu kumi.

Mimi nimesomea masoko chuoni, na huko tulifundishwa sana jinsi ya kumtafuta mteja mpya. Lakini kisiwa cha Pate kina jambo lake: anayevaa na anayelipa mara nyingi hawako mahali pamoja. Mvaaji yuko nyumbani, mlipaji yuko safarini. Kwa hivyo maoni yangu ni kwamba duka la dukani na duka la kwenye simu ni duka moja, na kitu kinachoyaunganisha ni bei iliyoandikwa wazi na namba ya till. Ukificha bei, umemfungia mlango yule mwenye pesa.

Inboksi inakula wateja

Tazama stetasi za wauza nguo wengi. Picha nzuri ya dera, rangi ya kuvutia, kisha maneno mawili: "Bei inboksi." Sasa fikiria mlipaji wetu wa Mombasa. Yuko kazini, ana dakika tano za mapumziko. Anaandika, "Dada, lile dera la kijani ni pesa ngapi?" Wewe uko na wateja walioshuka boti, huoni ujumbe mpaka saa kumi. Unajibu, naye sasa yuko ndani ya matatu. Kesho yake stetasi imeshapotea, maana stetasi ya WhatsApp hukaa saa 24 tu. Hilo dera limelala, na si kwa sababu ni ghali. Limelala kwa sababu hakuna aliyejua bei yake.

Najua sababu zinazotolewa, na si za kipuuzi.

Ya kwanza: "Nikiandika bei, mwenzangu ataiona apunguze shilingi hamsini." Lakini mwenzako anaijua tayari. Kisiwani bei ya nguo haikai siri mpaka jioni. Mteja ametoka kwako, amefika Siyu, ameulizwa "umenunua kwa ngapi?" na amejibu.

Ya pili: "Watu wetu wanapenda kupatana bei." Kweli, na kupatana ni sehemu ya mazungumzo ya dukani, hata ya heshima. Lakini mtu aliye mbali hana nafasi ya kuketi na kunywa maji huku mkishushiana mia mia. Mpe punguzo lenye sababu inayojulikana na kila mtu: anayechukua mbili anapunguziwa kiasi fulani, anayelipa mapema kabla ya Ramadhani anapunguziwa kiasi fulani. Liandike, na liwe lilelile kwa aliye mbele yako na aliye kwenye simu. Kibaya zaidi kwa jina la duka ni mama kuambiwa 1,200 kaunta na mwanawe kuambiwa 1,500 kwenye simu. Hao wawili wataongea jioni.

Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: "Nikitangaza sana, nitapata jicho." Siwezi kubishana na mtu kuhusu husuda. Ninachosema ni kwamba bei si majigambo. Usiandike umeuza ngapi wala umepata faida gani. Andika nguo, kipimo, bei, basi.

Kutuma nguo nyumbani

M-Pesa ilipoanza 2007, ilitangazwa kwa wazo moja rahisi: tuma pesa nyumbani. Wazo lile lilishika kwa sababu tabia ilikuwepo tayari. Wewe mwenye duka una nafasi ya kuuza tabia ileile kwa sura nyingine. Kijana akituma 1,500 akisema "mama, jinunulie nguo", sote tunajua zinakoenda: unga, mafuta, karo ya mdogo wake. Mama hatajinunulia. Lakini kijana akilipa till ya duka, kisha mama akapigiwa simu aambiwe "njoo uchague, imeshalipiwa", hapo nguo inavaliwa kweli.

Hili ndilo tangazo lako. Huna haja ya kulipia matangazo makubwa. Andika: "Uko Mombasa? Lipia hapa, mama achague mwenyewe dukani." Mlipaji anafurahi, mvaaji anafurahi kwa kuwa ameshika kitambaa kwa mkono wake na kujaribu urefu, na wewe hubebi hatari ya nguo kurudishwa.

Hesabu ya deni

Kuna sababu nyingine ya kumtafuta mlipaji, nayo ni mtaji wako. Tuchukue mfano. Umenunua madera 20 kwa 700 kila moja, jumla 14,000. Uchukuzi mpaka Mtangawanda tuseme 1,000. Umetoa 15,000, yaani kila dera limekugharimu 750. Unauza 1,000. Ukiuza yote, unapata 20,000, faida 5,000.

Sasa matano yamechukuliwa kwa deni: "Nitakupa mume akirudi baharini." Umeuza 15 kwa pesa taslimu, umepata 15,000. Hiyo ni gharama yako tu. Faida yote ya mzigo imekaa kwenye hayo madera matano, kwenye daftari. Yakikosa kulipwa kabla ya Idi, huna cha kuongeza kwenye mzigo ujao, na umefanya kazi bure.

Sisemi ukatae watu. Mtangawanda si mjini, na mtu unayemnyima leo ni jirani utakayemhitaji kesho. Nasema muulize kwa upole: "Kuna mtu anaweza kukulipia?" Mpe namba ya till na bei kwenye ujumbe mmoja ambao anaweza kumtumia mwanawe au kakake. Na aliyeko Saudia? Hutuma kwa ndugu yake aliye hapa, ndugu akalipa till. Deni la nusu mwaka linaweza kugeuka malipo ya siku moja, na hakuna aliyefedheheshwa.

Pesa ya duka isichanganyike na ya nyumbani

Wengi hupokea malipo kwenye namba yao ya kawaida. Inaonekana rahisi, lakini pesa ya dera inaingia pamoja na mchango wa harusi na pesa ya mtoto ya shule, na mwisho wa mwezi hujui duka limeuza nini. Till inatenganisha. Kwa Lipa na M-Pesa ya kununua bidhaa, mteja halipi ada ya kutuma. Mwenye duka ndiye anayekatwa ada ndogo, kwa hivyo angalia viwango vya sasa kabla ya kupanga bei zako.

Till ina faida nyingine ambayo watu wa masoko hawaisemi vya kutosha: jina. Mteja akiingiza namba, anaona jina la biashara. Jina hilo liwe lilelile lililoandikwa juu ya mlango wa duka na kwenye WhatsApp yako. Aliye Mombasa akiona jina asilolijua, atasita, na ana haki.

Wafanyabiashara wa pwani wanalijua hili tangu zamani. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara Mombasa 1887, na mpaka leo kanga zake huitwa "Mali ya Abdulla" kwa ile alama iliyochapwa kwenye kitambaa. Mnunuzi wa Pate hakuhitaji kumwona mwenye duka la Biashara Street. Aliangalia alama. Jina la till yako linafanya kazi hiyohiyo, mradi usilibadilishe kila msimu.

Na mambo ya usalama, kwa ufupi:

- Usitoe nguo kwa kuonyeshwa skrinshoti au ujumbe kwenye simu ya mteja. Ujumbe unaweza kutengenezwa. Angalia simu yako, uone salio limeongezeka.
- Mtu akisema "nimelipa kimakosa, nirudishie kwenye namba hii nyingine", usikimbilie kutuma. Thibitisha kwanza kama pesa iliingia, kisha mwelekeze kwa huduma rasmi kwa wateja.
- PIN ni yako peke yako. Hata kijana anayekusaidia kaunta haihitaji, na hakuna mfanyakazi wa kweli wa kampuni atakayekupigia kuiuliza.

Dukani ndiko mtandao unakoanzia

Watu hudhani WhatsApp ndiyo inayoleta watu dukani. Kwa duka dogo ni kinyume: duka ndilo linalojaza WhatsApp. Ukituma ujumbe kwa orodha ya matangazo, utawafikia tu wale waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Basi mtu akinunua, kabla hajatoka mwambie, "Hifadhi namba yangu, mzigo mpya ukija nikuonyeshe." Akikataa, usimlazimishe. Bandika namba ya simu na ya till ukutani kwa herufi kubwa, mahali ambapo anayesubiri boti anaweza kuzisoma bila kuingia ndani.

Picha nazo ziseme ukweli. Buibui jeusi likipigwa picha juani mchana linatokea kama kivuli tu, nakshi hazionekani. Piga asubuhi, kivulini, kisha piga nyingine kwa karibu kuonyesha mkono na pindo. Andika urefu kwa inchi: 54, 56, 58. Mwana aliye mbali huenda hajui kipimo cha mamake, lakini anaweza kumpigia simu aulize. Akiambiwa "saizi zote zipo", atalipa kwa kubahatisha, na lawama itarudi kwako.

Jambo moja ambalo hapa kwetu si dogo: usiweke picha ya mteja akiwa amevaa nguo yako bila ruhusa yake, hata kama amependeza vipi. Picha ya mtu ni yake, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Lakini kabla ya sheria kuna heshima. Picha moja ya mwanamke iliyosambazwa bila yeye kujua inaweza kukupotezea mji mzima. Tundika nguo kwenye hanga, inatosha.

Ahadi ifuate maji

Maduka ya Nairobi huahidi "leo unalipa, leo unapata". Usiige. Mzigo wako unakuja kwa boti, na boti inafuata maji kujaa na kupwa, na kusi ikivuma bahari haina haraka na mtu. Mwambie mteja ukweli: "Mzigo uko Lamu, ukifika nitakupigia." Iliyopo dukani iandike "ipo", inayokuja iandike "inakuja", na pesa ya inayokuja usiitumie kwa jambo jingine kabla haijafika. Duka likichelewa lakini likasema mapema, linasamehewa. Likinyamaza na pesa ya mtu, habari inafika Kizingitini kabla ya boti.

Kwa sababu hiyo, soko la Idi halianzi Ramadhani ikikaribia kuisha. Onyesha nguo na bei tangu Shaabani, ukilenga mwisho wa mwezi wa kawaida, mshahara unapoingia. Anayelipa mapema anakupa mtaji wa kuongeza mzigo, na mama hapati nguo iliyobaki baada ya wengine kuchagua.

Anza na nguo tano

Wiki hii usifanye makubwa. Chagua nguo tano zilizolala dukani. Zipige picha upya, andika urefu, bei na namba ya till chini ya kila moja. Ziweke stetasi jioni, watu wakiwa wametulia nyumbani, na uzirudie baada ya siku mbili. Bei hiyohiyo ibandike kwenye nguo zenyewe dukani. Kisha hesabu: ni wangapi wameuliza, wangapi wamelipa, na wangapi kati yao hawako kisiwani.

Nina hakika hesabu hiyo ya mwisho itakushangaza. Watu wako hawakukuacha kwa kuhama. Wengi wao wanasubiri tu kuona bei.