Anakokula na Anakonunua Mwenye Duka



Wiki kadhaa zilizopita tulisimama mbele ya kamati ya msikiti wetu kusoma mahesabu ya zulia, na tuliyasoma kwa sauti ndogo. Zulia la safu za mbele tulikuwa tumelinunua Kariakoo kwa fedha za waumini. Kijana mmoja mchangamfu alitupokea pale tuliposhuka kwenye mwendokasi, akatuita shekhe, akatubebea mkoba, akatufikisha mpaka mlangoni mwa duka. Siku mbili baada ya zulia kutandikwa, mjumbe mmoja wa kamati alipita katika duka lile lile, akauliza bei ya zulia lile lile, akatajiwa bei iliyo chini ya ile tuliyolipa kwa shilingi elfu nne kila mita. Msomaji akizidisha elfu nne kwa urefu wa msikiti ataelewa kwa nini sauti yetu ilikuwa ndogo.

Hakuna aliyetutuhumu. Mhazini alifunga daftari lake polepole, na hilo peke yake lilitutosha. Kikao kilipokwisha, mzee mmoja wa kamati alitungoja kibarazani. Ana duka la kanga na vitenge huko huko Kariakoo, na amekaa humo zaidi ya miaka thelathini.

"Katibu," alisema, "wewe una simu, nami nina simu. Kwa nini hukunipigia?"

Tukamjibu kwamba tulichelea kumsumbua.

"Basi Jumamosi nitakusumbua mimi. Tukishaswali Alfajiri tutoke. Nitakuonyesha ninakokula na ninakonunua, uandike katika safu yako, watu wasipate haya iliyokupata."

Kwa hiyo haya tunayoyaandika leo ni agizo la mzee. Majina ya watu ametukataza, na majina ya maduka pia.

Tulianzia Feri, soko la samaki la Magogoni, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza. Mgeni anayefika pale huvutwa na mnada, kwa kuwa ndiko kwenye kelele. Mzee haingii mnadani. Mafungu yake ni makubwa kuliko haja ya nyumba moja, na nadi huenda mbio kuliko akili ya mtu ambaye hajanywa chai. Yeye hununua kwa mchuuzi aliyetoka mnadani muda mfupi uliopita, na faida ya mchuuzi humlipa bila kunung'unika. Tulipofika, mchuuzi wake alikuwa na changu, vibua na kolekole. Mzee akanyoosha mkono kwenye kolekole. Mchuuzi akasema, "Huyo mwache, mzee, huyo wa jana." Aliyasema hayo mbele ya wateja wengine wawili. Tulichukua changu. Tuliwafunua matamvua, yalikuwa mekundu kama inavyotakiwa, ingawa kwa hakika baada ya neno lile hatukuwa na haja ya kufunua chochote.

Kifungua kinywa tulikula njiani, kwa mama lishe mwenye meza mbili na turubai: supu ya ng'ombe, chapati, ndimu, pilipili. Mzee amekula pale miaka mingi. Nyama ya supu ile hutoka bucha moja tu, na mchinjaji wa bucha hiyo ni mtu tunayeswali naye, kwa hiyo swali la nani amechinja, ambalo baadhi yetu tunaona haya kuliuliza katika hoteli za vioo, pale lilikwisha jibiwa zamani. Hana ugomvi na hoteli za vioo. Wajukuu huwapeleka siku ya Idi. Sisi tuliona chapati zina mafuta mengi kidogo. Mzee hakuafiki.

Kutoka hapo tulikwenda Kisutu, na hapa tunaomba radhi kwa msomaji, tutakaa kidogo.

Soko la Kisutu limejengwa upya, sasa ni la ghorofa. Watu wengi hulijua kwa kuku, nao mzee huwanunua hai na kusimama hapo mpaka wachinjwe. Lakini tulichofuata sisi ni viungo. Kuna mama mmoja wa makamo anayeuza iliki, mdalasini, karafuu, binzari na pilipili manga. Bei yake imezidi kidogo ile ya majirani zake. Tulimnong'oneza mzee kuhusu jambo hilo, tukiwa bado tuna kidonda cha zulia. Hakujibu mpaka tulipokwisha kununua na kusogea kando.

Mama yule, alisema, hakuwa Kisutu. Alikuwa na meza katika soko kuu la Kariakoo, lile jengo lililobuniwa na msanifu wa hapa hapa nchini, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, lenye paa la zege mfano wa miavuli. Soko lile liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Wengi wetu tunaukumbuka moshi. Tusilolikumbuka sana ni kwamba sehemu kubwa ya bidhaa za Kariakoo si mali ya anayeziuza. Ni mali kauli: unachukua kwa neno la mdomo, unauza kwanza, unalipa baadaye. Mama yule alikuwa amechukua magunia ya viungo kwa mfanyabiashara wa jumla, jirani wa mzee, na hapakuwa na hata kipande cha karatasi baina yao. Magunia yaliteketea yote.

Angeweza kusema ni qadari ya Mwenyezi Mungu, na angekuwa hakusema uongo. Angeweza kusema magunia yalikuwa matatu badala ya matano. Nani angebisha, majivu? Siku ya tatu alikwenda dukani kwa mwenye mali, akaketi, akamtajia kila gunia na uzito wake, naye mwenye mali akiwa mwenyewe amesahau mawili. Akaomba muda. Akawa anatwanga viungo nyumbani na kufunga vipakiti vya mia mbili mbili, watoto wake wakivipeleka madukani wakitoka shule. Alilipa kwa miaka miwili na ushei, mpaka deni likaisha.

"Sasa mtu aliyenihesabia mwenyewe gunia lililoungua," mzee alisema, "nikimwambia anipimie robo ya pilipili manga, nitaitazama mizani?"

Mama alikuwa amesikia. "Mzee, hayo ya zamani," alisema kutoka mezani pake. "Mwambie huyo kijana achukue na binzari, ila achukue nzima akasage nyumbani. Ya unga kila mtu anatia anachotaka."

Tulichukua binzari.

Sisi tuliosoma chuoni tulijifunza mapema kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqarah, inahusu kuandika deni. Tulimuuliza mzee, kwa adabu, imekuwaje wafanyabiashara Waislamu wakafanya ada yao kuwa neno la mdomo. Alikiri. Alisema soko lilikua likiwa dogo, kila mtu akimjua baba wa mwenzake, na walipokuja kuwa wengi ada ikabaki ile ile. Tangu moto ule yeye huandika kila alichopewa na kila alichotoa. Na jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, na watu kupoteza maisha chini yake, usiku ule alimwita mwanawe akamwonyesha daftari linakaa wapi. Tunawasihi wasomaji wetu wenye biashara, hata ikiwa ni ya vitumbua, wajiulize kama wake zao au waume zao wanajua daftari liko wapi, na kama lipo.

Mchele hununuliwa Tandale. Huko hatukwenda siku ile. Tulikwenda wiki iliyofuata kwa ajili ya futari ya msikiti. Mzee alitupa jina la muuzaji na agizo moja, kwamba tuingize mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, tutoe mchele wa katikati tuunuse, kwani wa juu ni wa kuonyesha. Kisa cha Mtume (s.a.w.) kutia mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta unyevu, tumekisoma na tumekifundisha watoto madrasa. Tunakiri kwamba kabla ya siku ile hatukuwahi kutia mkono katika gunia lolote.

Adhuhuri tulikuwa dukani kwake. Ni fremu nyembamba, kanga zimepangwa doti kwa doti mpaka darini. Kwa kina mama wanaotusoma tunayaeleza haya kwa urefu kidogo, maana mzee aliyasisitiza. Mkitaka kujua kitambaa kama ni pamba kweli, ombeni uzi mmoja kutoka kwenye pindo, muuwashe moto. Pamba huungua kama karatasi, ikanuka kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Uzi wa kiwandani uliotengenezwa kwa plastiki huyeyuka ukajikunja, ukabaki kidonge kigumu. Muuzaji anayekataa kutoa uzi mmoja amekwisha kuwajibu. Kitenge mnachoambiwa ni yadi sita kikunjueni kipimwe hapo hapo dukani. Kikishafika nyumbani hakuna wa kumlalamikia.

Tulikuwa bado tumeketi alipoingia kijana na mama mmoja anayetafuta vitenge vya sare ya harusi. Kijana alikuwa winga, wa jamaa ya yule aliyetupokea sisi. Tulikunja uso. Mzee aliona.

"Katibu, usiwachukie hawa," alisema baadaye. "Mimi nilikuwa winga kabla jina hilo halijazaliwa. Sikuwa na mtaji, nilikuwa na miguu."

Akatueleza mambo yanavyokwenda. Winga akimleta mteja, dukani hutajwa bei yenye cha juu ndani yake, na mteja akishaondoka winga hurudi kuchukua chake. Kwake yeye si hivyo. Bei ni moja kwa aliyekuja na winga na kwa aliyekuja peke yake, na chake kijana hukitoa katika faida ya duka, mbele ya mteja. Mama yule wa harusi alishuhudia akihesabiwa kijana elfu tano, akacheka. Ujira wa dalali si haramu. Imamu Bukhari ameuwekea mlango wake katika Sahihi. Tatizo ni ule uliofichwa ndani ya bei. Mzee alitufundisha swali la kuuliza katika duka lolote, kabla ya kutoa fedha: "Ningekuja peke yangu, bei ingekuwa hii?" Wengi hutabasamu na kupunguza. Zulia la safu za nyuma tumelinunua hivyo, kwa winga yule yule wa vitenge, aliyetutajia chake tukiwa bado barabarani. Risiti zimo katika faili, na mahesabu yake tuliyasoma kwa sauti ya kawaida.

Maduka yaliyo karibu na duka la mzee yalikuwa yamekwisha fungwa, na mengine yalikuwa na alama ya rangi nyekundu ukutani. Tulidhani ni mambo ya manispaa. Kumbe nyumba ile ya chini imeuzwa na itavunjwa kupisha ghorofa. Wapangaji wamepewa mpaka mwisho wa Shaaban. Fremu katika jengo jipya zitatolewa kwa kilemba, na kiasi alichotajiwa mzee alitusomea kutoka kwenye daftari bila kutoa maoni. Mwanawe anataka wauze kwa simu na kutuma mizigo mikoani. Huenda akawa sahihi, anaijua kazi. Lakini simu haikai kibarazani ikamwambia mtu kolekole yule ni wa jana, na tulipomaliza kufikiri hivyo tulikumbuka kwamba sisi wenyewe tulikuwa na simu ya mzee mfukoni siku ya zulia, na hatukuipiga.

Baada ya Alasiri alitupeleka kwenye kahawa. Muuzaji ana mabirika mawili juu ya mkaa, sahani ya kashata, na mabenchi yaliyokaliwa na wazee wa umri wake, wengi wao wakiwa wamekwisha toka katika fremu zao. Walitusogezea nafasi. Mzee alilipa vikombe vyote, vyetu na vya wengine, kisha akatutajia muda: kila siku, Alasiri mpaka karibu na Magharibi, duka liwepo lisiwepo. Mwenye safari ya Kariakoo asiyejua pa kuanzia atamkuta hapo.