TUJIFUNZE PAMOJA: Treni inayobeba betri yake

Mwezi huu tunajibu swali ambalo watoto wanatuuliza kila mara: ndani ya redio kuna nini? Wazazi mnajua swali hilo linavyoishia. Redio inafunguliwa, haifungiki tena, mtoto anachapwa. Na redio ndiyo inatuletea habari za kwetu. Basi leo tutajibu bila kufungua redio ya mtu. Tutatumia treni.

Kule Ulaya na Marekani wako watu, wazima kwa watoto, wanaotandika reli ndogo bustanini na kuendesha treni za mfano. Kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ilianza kuuza treni zake za bustani, ziitwazo LGB, mwaka 1968. Upana wa reli yake ni milimita 45. Wenye rula, pimeni. Nyingi zinaiga reli za upana wa mita 1, kama ile ya zamani iliyofika Kigoma mwaka 1914, ambayo wengi wetu tunaijua. Watoto wa hesabu, gawanyeni milimita 1,000 kwa 22.5 mwone mnapata ngapi.

Mwanzoni umeme ulipita kwenye reli yenyewe, magurudumu yakauchukua mpaka kwenye mota. Ndani ya nyumba ni vizuri. Lakini nje kuna mvua, vumbi na majani. Reli ikichafuka umeme unakatika-katika, treni inashtuka na kusimama. Ndiyo maana wengine wakaona heri treni ibebe betri yake tumboni au katika behewa la nyuma. Reli ikiwa chafu kidogo, yenyewe inakwenda tu. Ila betri ikiisha, ni lazima kuichaji.

Dereva je? Ana rimoti mkononi, inarusha mawimbi ya redio. Ndani ya treni kuna kipokezi, ambacho ni ndugu wa redio yenu. Redio ya nyumbani inapokea mawimbi na kuyageuza sauti. Kipokezi cha treni kinapokea amri na kuipa mota umeme mwingi au kidogo, mbele au nyuma. Kumbe kazi ni moja!

MCHEZO WA NYUMBANI. Mtoto mmoja afungwe kitambaa machoni, yeye ni treni. Mwingine ni rimoti. Kofi moja: nenda. Makofi mawili: simama. Matatu: rudi nyuma. Halafu ongezeni treni ya pili. Mtaona vurugu, maana zote zitatii makofi yale yale! Treni ya pili ipewe filimbi ya mdomo badala ya makofi. Hivyo ndivyo kila treni inavyosikia rimoti yake peke yake.

WAZAZI, TUNAOMBA. Betri, au mawe ya redio kama wengine tunavyosema, zisitupwe motoni wala kupashwa jikoni, zinaweza kupasuka. Zisipasuliwe. Zile ndogo za duara kama kifungo zifichwe mbali na watoto. Mtoto akimeza inamuunguza ndani, apelekwe hospitali mara moja, asisubiri kesho.

Na yule anayetengeneza gari la waya, kopo na magurudumu ya ndala, msimwite mtundu. Muulizeni: linakwendaje? Akijibu vizuri, huyo anasoma.

Tukutane mwezi ujao.